Sauti Yangu Inauza Dawa ya Panya

Kuna msee hupita na mkokoteni pale Thika, kati ya soko la Jamhuri na steji ya matatu, akiuza dawa ya panya. Yeye mwenyewe haongei. Anasukuma tu, anajipangusa jasho, anapokea mia, anarudisha hamsini. Kinachoongea ni kipaza sauti kilichofungwa mbele kwa kamba ya manila: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, mchwa, wote kwisha! Mbona ulale na adui kitanda kimoja? Hamsini, hamsini tu!" Ikifika mwisho inaanza upya, tangu maduka yafunguliwe asubuhi hadi giza liingie.

Hiyo sauti ni yangu.

Niliirekodi mwaka wa 2019, ghorofani, kwenye chumba ambacho mwenyewe alikiita studio kwa sababu kilikuwa na laptopu moja na trei za mayai ukutani. Nilisoma mara nne, nikakohoa mara moja, nikalipwa shilingi mia tatu. Soo tatu. Nilishuka ngazi nikanunua smoki mbili na kachumbari, nikapanda gari ya Makongeni nikijiona msanii. Hakuna aliyeniuliza ile rekodi itatumika wapi, wala kwa muda gani. Mimi pia sikuuliza.

Miaka sita baadaye bado niko kazini. Sauti yangu hailali, haizeeki, haipati mafua na haiombi nauli. Rafiki alinitumia video kutoka Embu, mwingine akanisikia Githurai. Kwa soo tatu nimezunguka nchi hii kuliko wabunge wengi.

Cheka, hata mimi nilicheka. Lakini nimeketi kuandika ili nigombane, na ninao watu watatu wa kugombana nao. Wa kwanza ni yule anayesema kazi ya sauti "ni kuongea tu". Wa pili ni yule anayesema mashine itachukua kila kitu, kwa hivyo tukae kimya. Wa tatu ni msanii wa sauti anayekubali bei yoyote na karatasi yoyote. Huyo wa tatu nimekuwa mimi, kwa hivyo sitamwonea.

Kwanza nijitambulishe, ndio usije ukasema nilikuficha kitu. Nina biashara ndogo ya sauti, iko kwenye intaneti, na ndiyo, ningependa uje ununue. Tuko sita. Kuna mwalimu wa Juja ambaye akisoma tangazo la unga unasikia njaa. Kuna makanga wa 237 ambaye miaka ya kuita "Thika, Thika, Thika" imempa pumzi ambayo chuo hakifundishi. Kuna mzee wa Makongeni aliyestaafu kiwandani, sauti yake nzito kama mlango wa godauni. Kuna dada anayesoma matangazo kanisani, kuna kijana wa katuni, halafu kuna mimi. Mtu anatutumia maandishi, anachagua sauti, tunarekodi, tunasafisha, tunamtumia faili, analipa kwa M-Pesa. Jina la biashara silitaji hapa, kwa sababu ninachotaka kukuuzia leo ni wazo, na wazo hili unaweza kulitumia hata kama hutawahi kutupa kazi.

Studio yetu kuu ni kabati langu la nguo. Naishi Ruiru, na mtu yeyote wa Ruiru anajua kimya huku ni bidhaa adimu. Mchana kuna bodaboda, kuna fundi wa jengo jirani, kuna jogoo wa landilodi ambaye saa yake iliharibika. Ijumaa usiku kuna kesha. Kwa hivyo narekodi saa tisa usiku, nimejifunika blanketi mbili, kichwa kati ya makoti, maikrofoni juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Mara nyingine tokeni za stima zinaisha nikiwa sentensi ya mwisho. Tangazo la sekunde thelathini unalolisikia ukiwa kwenye foleni ya benki limenichukua saa tatu: kusoma maandishi, kurekebisha Kiswahili cha aliyeyaandika, kurekodi mara kumi, kukata pumzi na mate, kusawazisha, kusikiliza tena kwa simu ya bei rahisi ili nijue wewe utasikia nini.

Halafu mtu ananiandikia: "Madam, si ni kuongea tu? Elfu mbili ni mob."

Haya basi, tuongee kuhusu kuongea.

Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka wa 1966. Vizazi vitatu vya Wakenya vimekua na sauti hiyo. Sasa kumbuka tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi waasi wa Jeshi la Anga walipokamata kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi, walimfuata Mbotela nyumbani kwake wakampeleka studioni awatangazie wananchi kwamba serikali imepinduliwa. Hebu fikiria hilo. Bunduki walikuwa nazo, na mitambo ya redio ilikuwa mikononi mwao. Yeyote kati yao angeweza kushika maikrofoni na "kuongea tu". Lakini walijua wananchi hawangeamini sauti wasiyoijua, wakaenda kuitafuta ile waliyoijua. Uasi ulipozimwa, sauti hiyohiyo ilihitajika tena kuwaambia watu kwamba serikali ya Moi bado ipo.

Hivyo ndivyo sauti ilivyo. Ni imani ya watu iliyokaa kwenye koo la mtu mmoja. Watu wa mapinduzi walilijua hilo mwaka wa 1982, na msimamizi wa masoko mwenye ofisi Westlands bado ananiuliza kama naweza kumfanyia ya kwanza bure "ili ujitangaze".

Mfano mwingine uko kwenye mdomo wako mwenyewe. Kampuni ya simu iliweka sauti ya mwanamke akisema mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Tuliisikia mara nyingi hadi neno likabadilika maana. Leo ukiniambia "nimekupigia ukawa mteja", hakuna Mkenya anayedhani nilikuwa dukani. Sentensi moja iliyosomwa na mtu mmoja imeongeza maana mpya kwenye lugha ya taifa zima. Na sisi wa biashara hii tunaelewa maana zote mbili kwa uchungu, kwa sababu ukimtumia mteja faili kabla hajalipa, mteja huwa mteja.

Serikali nayo haisemi ni kuongea tu. Kwenye Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato yanayotokana na maudhui ya kidijitali, na mswada ulipoanza ulitaka 15. Wakati wa kukatwa, kazi yetu ni kazi. Wakati wa kulipwa ndipo inageuka kipaji tulichopewa na Mungu ambacho ni vibaya kukitoza pesa.

Sasa nije kwenye wazo lenyewe. Ni fupi: sauti haiuzwi, hukodishwa.

Mtu wa Ruiru hahitaji digrii ya sheria kuelewa hili. Mji huu unaishi kwa kodi ya nyumba. Tembea kutoka Kihunguro hadi Kimbo uone maghorofa yalivyobanana, kila moja limejaa bedsita. Kila landilodi anajua tofauti ya kuuza na kukodisha. Ukitaka chumba chake unalipa diposti, unalipa kila mwezi, unaambiwa watu wangapi, mbwa hapana, biashara ya kuchomea vyuma hapana, na ukihama unaacha funguo. Umewahi kuona landilodi wa Ruiru anayekupa nyumba milele kwa kodi ya mwezi mmoja? Umewahi kusikia akisema, "Kaa tu bure miezi mitatu, nyumba yangu ijulikane"? Hata huko Thika, mama anayeuza mananasi kando ya barabara hukukatia kipande uonje. Kipande. Hakupi gunia zima uende ukauze wewe.

Kwa hivyo mtu akija kwetu tunamuuliza maswali matatu kabla ya kutaja bei. Itatumika wapi: WhatsApp ya duka lako, redio, televisheni, au simu ya huduma kwa wateja? Itatumika kwa muda gani: miezi mitatu, mwaka, miaka miwili? Na swali la tatu tuliliongeza baadaye, baada ya mimi kuumia: je, kuna mashine yoyote itakayofunzwa kwa sauti hii?

Acha nikueleze nilivyoumia.

Mwaka wa 2021 kazi zilikuwa ngumu. Nikapata ya mtandaoni: kusoma sentensi za Kiswahili, fupi fupi, kwa simu. "Watoto wanacheza uwanjani." "Tafadhali lipa kabla ya tarehe tano." Sentensi elfu mbili na mia tano, shilingi tatu kila moja. Hesabu: elfu saba na mia tano. Kulikuwa na masharti ya Kiingereza, marefu kama foleni ya asubuhi kule Roysambu. Niliteremsha hadi chini, nikabonyeza kukubali, nikalipa kodi ya nyumba. Basi.

Mwaka wa 2024 mamangu akanipigia kutoka Makongeni. "Mami, siku hizi unafanya na hawa watu wa loni?" Nikamwambia hapana. Akanipa simu nisikilize tangazo lililomtokea akitazama video: sauti ya mwanamke, changamfu, Kiswahili cha huku kwetu kabisa, ikisema pesa ziko kwenye simu yako kwa dakika mbili, bila dhamana. Nikasikiliza mara moja. Nikasikiliza tena nikiwa nimesimama. Ilikuwa mimi. Namna ninavyobana mwisho wa neno, kale kakicheko kabla ya nambari. Maneno hayo sikuwahi kuyasoma maishani mwangu.

Siwezi kuthibitisha. Sijui ilitoka kwenye zile sentensi au kwenye matangazo yangu mengine yaliyo kila mahali. Hiyo ndiyo sehemu inayokera zaidi: mwizi wa kuku huacha manyoya, huyu hakuacha chochote. Lakini jirani wa mama, anayeuza sukuma wiki pale nje, alikuwa ameshakopa elfu mbili. Alimwambia mama, "Nilisikia ni mtoto wako, nikajua si wakora." Aliposhindwa kulipa wiki ya pili, wakaanza kuwapigia simu watu walio kwenye orodha ya simu yake, pamoja na mchungaji. Mama alimlipia nusu ya deni. Mpaka leo hatujaongea vizuri, mimi na huyo jirani. Nikimsalimia anaangalia kando, na mimi naangalia chini.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema suala hili ni la mabeberu wa Hollywood, damu inachemka. Limefika kwenye kibanda cha sukuma Makongeni.

Na halikuanza jana. Susan Bennett, Mmarekani, alirekodi maneno mwezi wa Julai 2005 akidhani ni ya mitambo ya kujibu simu. Oktoba 2011 simu mpya ya Apple ikatoka ikiwa na msaidizi anayeitwa Siri, na watu wakaanza kumuuliza, huyu si wewe? Bev Standing wa Kanada aliwarekodia watu kazi ya kutafsiri, akajikuta ndiye sauti inayosoma maandishi kwenye TikTok. Mwaka wa 2021 akaenda mahakamani, wakaelewana nje. Januari 2023 Microsoft walitangaza mfumo wa majaribio, VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde tatu tu. Sekunde tatu ni muda wa kusema "Hello, niko Juja, nafika saa hii." Na labda bado uko kitandani.

Sisi Wakenya tulishapewa somo hili kwa njia ya macho. Julai 2023 watu walipiga foleni pale KICC wapigwe picha ya mboni na Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi elfu saba. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Niliwacheka wale wa foleni. Halafu nikakumbuka mimi niliuza koo langu kwa elfu saba na mia tano, tena bila hata kupanda matatu.

Na sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka utambuzi wa sauti kwenye kundi moja na alama za vidole na vinasaba. Inataka ridhaa ya wazi, na inasema unaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazo haki za watendaji sanaa. Shida ni kwamba sheria haiwezi kukusaidia kama hujui ulisaini nini, na wengi wetu hatujui kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Sasa yule wa pili, nabii wa mashine. Ananiambia, "Maze, akili unde imefika, baada ya miaka miwili hakuna mtu atalipa binadamu asome tangazo. Chukua chako mapema." Hasemi uongo wote. Kuna kazi zimeenda na hazirudi. Mteja mmoja wa vipimo vya mtihani alikuwa akinipa kazi kila mwezi; sasa anatumia programu, na sina kinyongo naye. Kusoma orodha ya nambari si kilele cha ubinadamu.

Lakini angalia hoja hiyo inafanya nini. Inasema kwa sababu mwizi ana gari zuri, acha mlango wazi. Kama sauti ya binadamu haina thamani tena, mbona wanaitafuta usiku na mchana ili wafunze mashine? Mashine inayosema Kiswahili haikukisomea Zanzibar. Ilikichota kwenye makoo ya watu waliolipwa shilingi tatu. Na bado, ile programu ya mteja wangu iliposoma tangazo la duka la hapa, ilisema "Tika". Mji mzima wa Thika ukawa Tika. Ilibidi anirudie nimrekebishie neno moja. Nilimtoza bei ya tangazo zima, na nililala vizuri.

Wenzetu huko nje hawakukaa kimya. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka wa 2023 kwa siku 118, na akili unde ilikuwa mojawapo ya mambo makuu waliyogombania. Julai 2024 wenye kutia sauti kwenye michezo ya video wakagoma tena, karibu mwaka mzima, kwa dai ambalo hata mwenye kibanda anaweza kulielewa: ukitaka nakala ya sauti yangu, niombe ruhusa na unilipe. Hawakusema mashine zichomwe. Walitaka kodi ya nyumba yao.

Utaniambia wale wana chama chenye nguvu, sisi tuna grupu la WhatsApp. Kweli. Na hapo ndipo namfikia mtu wa tatu.

Mwaka wa 2022 msanii mwenzangu, mwenye uzoefu kunizidi, aliambia kampuni moja bei yake ni elfu nne kwa tangazo la redio la miezi mitatu. Kampuni ikanitafuta mimi. Nilijua amesema elfu nne, maana aliniambia mwenyewe. Nikasema mia tano, bila kikomo cha muda. Nilipata kazi. Nilijiona mjanja, mtoto wa mtaa anayejua kujitafutia. Lile tangazo bado linapigwa hadi leo, yeye hakupata kitu, mimi nilipata mia tano, na kampuni imejifunza kwamba bei ya sauti ni mia tano. Kampuni haikunilazimisha. Nilivunja bei kwa mkono wangu mwenyewe, na wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Kahawa amenivunjia mimi kwa mia tatu. Sikuwa na mdomo wa kumlaumu.

Kwa hivyo usinielewe vibaya. Sisemi mwenye njaa asile. Mimi najua soo tatu ni chakula. Smoki zile zilikuwa tamu. Nasema kuna tofauti kati ya bei ndogo na mkataba usio na mwisho. Ukiwa umebanwa, punguza bei, lakini punguza muda pia. Mia tano? Sawa, mwezi mmoja, WhatsApp peke yake. Yule anayesema hana pesa anaweza kukodi chumba kidogo. Hawezi kupata shamba.

Na wewe unayenunua, huna kisingizio cha urasimu. Mkataba wetu ni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Sauti ya nani, maneno gani, itatumika wapi, hadi tarehe gani, pesa ngapi, nusu kabla ya kurekodi. Kisha mstari mmoja: sauti hii haitatumika kufunza wala kutengeneza mashine ya sauti bila mkataba mwingine. Ukitaka huo mwingine, njoo tuongee, bei iko na ni kubwa, kwa sababu hapo hukodi chumba tena, unachukua ramani ya nyumba ukajenge mtaa. Kuna watu wamesoma mstari huo wakatoweka. Mmoja aliniambia, "Nyinyi ni wadogo sana kuwa na masharti." Nikamwambia masharti ni ya wadogo, wakubwa wana mawakili.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaamua kumfuata yule msee wa dawa ya panya. Nilimsubiri karibu na soko la Jamhuri, nikamsalimia, nikamwambia, "Boss, hiyo sauti kwenye spika ni yangu." Akanitazama juu hadi chini. Akazima spika. Akasema, "Hebu sema kunguni." Nikasema. Akacheka hadi akashika mkokoteni.

Kumbe rekodi aliinunua ikiwa ndani ya kadi ya memori, shilingi mia, Nairobi, kutoka kwa mtu ambaye naye aliinunua kwingine. Hakuwa ameniibia. Hakujua hata kama mimi ni mtu. Alidhani ni kompyuta. Nikamweleza yote haya niliyokueleza wewe, kwa ufupi, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha kibanda. Nilitarajia aseme ni kuongea tu.

Akasema, "Lakini madam, hiyo ni ya zamani. Siku hizi nauza pia ya kupe, na bei ni sabini. Watu wanasikia hamsini wananigombanisha. Utanifanyia mpya pesa ngapi?"

Nikamwambia elfu moja na mia tano kwa mwaka. Akaguna. Akasema hiyo ni pesa ya stoki. Tukavutana kama watu wa sokoni, na mwishowe tukafika mia nane kwa miezi sita, mkokoteni mmoja, Thika na Ruiru peke yake, na asimpe mtu mwingine kadi. Hakuwa na kalamu. Tuliandikiana kwa SMS, yeye akajibu "sawa nimekubali", akatuma mia nne papo hapo. Zilizobaki alituma Ijumaa, siku niliyompelekea kadi mpya.

Mtu anayesukuma mkokoteni juani, anayepata faida ya shilingi kumi na tano kwa pakiti, alielewa habari ya kukodisha sauti kwa dakika ishirini. Wewe mwenye ofisi, mwenye bajeti ya matangazo na mashine ya kahawa, unashindwa wapi?

Mkataba wake unaisha tarehe 30 mwezi huu. Nitampigia simu tuongeze miezi mingine sita, au azime spika. Sina wasiwasi. Yeye huwa anapatikana.